Mbili Nukta Tisa

Ingia zahanati ya kijiji upande wa Muhange au Gwanumpu, wilayani Kakonko, mkoani Kigoma, asubuhi ya Jumatatu. Benchi la nje limejaa akina mama, watoto wamefungwa mgongoni, homa imewashika tangu Jumamosi. Anayewaitikia "mwakeye" kwa Kiha na kuwaita mmoja mmoja ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Anamtoboa mtoto kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, na wakati anasubiri mistari ijitokeze anajaza kitabu cha MTUHA namba 5 kwa mkono. Mistari miwili. Anaandika dawa mseto, anamweleza mama zinywewe saa ngapi, na kumwonya asiziache mtoto akianza kucheza. Pale nje kila mtu anamwita daktari. Yeye anajua kwamba kwenye barua ya ajira ameandikwa tabibu, na ukikaa naye hadi jioni atakutajia pia nambari iliyomfanya abaki tabibu: GPA ya 2.9.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inataka 3.0. Mwenye stashahada ya utabibu anayeomba shahada ya udaktari, ile tunayoiita MD, awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Chini ya hapo mfumo wa maombi haumfikishi hata mbele ya mtu wa kumsikiliza. Anaingiza namba yake ya uhakiki kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, hiyo AVN ambayo kila mwombaji wa stashahada ameizoea, matokeo yanajileta yenyewe, na hapo safari imekwisha.

Vijana wengi wakifika hapo hukimbilia simu kutafuta ushauri, na ushauri wanaoupata mara nyingi ni wa Marekani. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, GPA ni ya kipimo cha 4.0, na wanaopata nafasi kwa kawaida wana wastani unaozidi 3.7. Aliyemaliza na wastani mdogo huambiwa asome masomo ya sayansi ya ziada baada ya shahada, apate alama nzuri kwenye mtihani wa kuingilia, au aombe vyuo vya osteopathi, ambavyo hadi mwaka 2017 vilikuwa vinaruhusu alama ya somo lililorudiwa kufuta ile ya zamani. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa Ohio. Mtu wa Kakonko hana pa kuupeleka, kwa sababu hapa MD yenyewe ndiyo shahada ya kwanza: miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Milango ya kuingilia ni miwili. Mmoja ni kidato cha sita, kwa ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, ule mchepuo wa PCB. Wa pili ni stashahada. Kila mlango una kufuli lake, na ufunguo wa huu haufungui ule.

Tuitazame hiyo 2.9 kwa karibu, maana wengi wanaibeba miaka mingi bila kuifungua ndani. Kwenye ngazi ya sita ya tuzo za ufundi, NTA, ambayo ndiyo stashahada, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Kila moduli ina krediti zake. Unazidisha krediti kwa pointi, unajumlisha, unagawa kwa krediti zote. Tuseme mwaka una krediti 120. Ili ufike 3.0 unahitaji jumla ya 360. Sasa mwanafunzi amepata 358. Gawa: 2.983. Mtu wa dukani angesema hiyo ni tatu. Lakini utaratibu wetu hauzungushi kwenda juu. Unakata baada ya nukta ya kwanza. Cheti kinatoka kimeandikwa 2.9. Moduli moja tu ya krediti 10, ambayo angepata B badala ya C, ingempa pointi 10 zaidi. Alihitaji mbili.

Kingine ambacho wengi hukisikia wakiwa wamechelewa ni kwamba kila ngazi ya NTA hubeba GPA yake. Ngazi ya nne na ya tano zina vyeti vyake. Stashahada husomwa kwa ile ya sita. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa alifanya vizuri miaka miwili ya mwanzo, akayumba mwaka wa tatu, na huo ndio unaomwandika maisha yake yote. Na mwaka wa tatu ndio mwaka ambao nyumbani pesa zimekwisha. Mikopo ya Serikali kwa ngazi ya stashahada imeanza mwaka wa masomo 2023/24 tu. Kabla ya hapo familia ya Kakonko ililipa ada ya chuo cha afya kwa maharage, mihogo, tumbaku kwa wanaoilima, na mbuzi. Mwaka wa kwanza inauzwa gunia, mwaka wa pili anauzwa mbuzi, mwaka wa tatu mwanafunzi anazuiwa kuingia chumba cha mtihani hadi alipe, anapishana na majaribio, anarudi kuyafanya peke yake akiwa amechoka. Kwenye karatasi ya matokeo hakuna safu ya hayo. Sisemi kila 2.9 ina hadithi ya namna hiyo. Wapo waliolala. Ila nambari haiwezi kukuambia nani alilala na nani alikuwa stendi akisubiri fedha zitumwe.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi watu wanavyoilaumu GPA kwa kosa la kitu kingine.

Angalia sharti la pili, lile linaloandikwa chini ya GPA kwenye mwongozo wa udahili na ambalo jicho hulipita. Mwenye stashahada ya utabibu anayeomba MD anatakiwa pia awe na angalau D ya kidato cha nne kwenye masomo matano: Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Sasa rudi nyuma, kwenye sharti la kuingia chuo cha utabibu chenyewe. Pale walitaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zilitajwa kama sifa ya nyongeza. Kwa lugha nyingine, mfumo ulimpokea kijana mwenye F ya Hisabati, ukamfundisha miaka mitatu, ukampa stashahada, ukampa leseni, ukampeleka kijijini Nyabibuye kuhesabu dozi ya mtoto kwa uzito wake, kisha alipoomba kupanda ukamwambia hajui Hisabati.

Nasema "mfumo" kama vile una kichwa kimoja. Kwa kweli ni taasisi mbili: vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, vyuo vikuu chini ya TCU, na kila moja imeweka kizingiti chake kwa sababu zake. Anayejikwaa katikati ni mmoja. Na ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kulia na GPA mtu akachukue cheti chake cha kidato cha nne, akiweke mezani, asome masomo hayo matano kwa kidole. Wapo wenye GPA ya 3.6 waliokataliwa wakadhani ushindani ulikuwa mkali, kumbe ni F ya Hisabati ya zamani. Huyu ugonjwa wake unatibika: anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwezi wa Novemba anakaa mtihani wa kidato cha nne kwa somo hilo moja, au mawili. Mwenye 2.9 na masomo yote matano ana ugonjwa mwingine kabisa, na hata akirisiti kidato cha nne mara tatu haitamsaidia kitu.

Hapa lazima niirudishe Kigoma nyuma kidogo, kwa sababu mkoa huu una ushahidi ambao mikoa mingi haina.

Zamani kulikuwa na ngazi. Aliyemaliza darasa la saba aliweza kusomea RMA, mganga msaidizi wa vijijini, na zahanati nyingi za miaka ya 1970 zilisimama kwa mabega yao. Juu yake alikuwepo tabibu. Tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa aliweza kurudi darasani miaka miwili, Tanga, Bugando, Ifakara au kwingine, akatoka Daktari Msaidizi, AMO. Daktari Msaidizi alipasua. Alifanya upasuaji wa uzazi, alirekebisha ngiri, alitoa mimba iliyotunga nje ya kizazi usiku wa manane kwa mwanga uliokuwepo. Wapo walioanzia chini kabisa wakaishia na shahada ya udaktari. Kila kidato cha ngazi hiyo kilikuwa na kipimo cha pili pembeni ya mtihani: miaka ya kazi.

Je, kipimo hicho kilitoa watu wanaofaa? Mwaka 2009 jarida la Health Affairs la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma, katika hospitali 14 zilizokuwa zinafanya upasuaji. Miongoni mwa walioufanya alikuwa Dkt. Godfrey Mbaruku. Walipitia upasuaji mkubwa wa uzazi zaidi ya 1,000. Kwenye hospitali za Serikali sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Madaktari Wasaidizi, na watafiti walipolinganisha matokeo yao na ya madaktari wenye shahada hawakukuta tofauti ya maana, si kwa hali ya mama na mtoto wala kwa ubora wa huduma.

Mbaruku huyo huyo alikuwa ameshaandika kitu kingine kuhusu Kigoma. Kati ya mwaka 1984 na 1991, kwenye hospitali ya mkoa, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuletewa jeshi la mabingwa. Alipanga upya kazi kwa watu na vitu vilivyokuwepo pale pale. Mtu akiniambia kwamba ubora wa huduma huanzia kwenye alama za kuingilia chuo, namrudisha kwenye hizo nambari mbili.

Lakini nisiwe wakili wa upande mmoja. Mafunzo ya AMO sasa yamefungwa, na hoja ya kuyafunga haikuwa ya kijinga. Nchi ilikuwa na chuo kimoja cha udaktari kwa miongo mitatu, kile kilichoanza mwaka 1963 kama Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam na sasa ni MUHAS. Leo kuna Kairuki, KCMC, Bugando, Dodoma, Mbeya, Ifakara na vingine. Mwananchi wa Kakonko kwa nini aendelee kupasuliwa na msaidizi wakati wa Kinondoni anapasuliwa na daktari kamili? Na kuhusu GPA yenyewe, muulize yeyote aliyepita miaka miwili ya kwanza ya MD. Anatomia, fiziolojia na bayokemia haziangalii una moyo wa kusaidia watu kiasi gani. Wanafunzi wana maneno yao: kuna waliokula supu, yaani mtihani wa marudio, na kuna waliodisko, yaani wamefukuzwa kwa kufeli. Anayedisko mwaka wa pili akiwa na deni la mkopo na cheo cha utabibu alichokiacha nyumbani amepoteza zaidi ya aliyekataliwa mlangoni. Kizingiti kina huruma yake ya aina hiyo.

Shida yangu si kwamba kizingiti kipo. Shida ni kwamba ngazi ilipoondolewa, kipimo cha miaka ya kazi kiliondoka nayo, na nambari iliyobaki peke yake ni ya mtihani wa mwaka mmoja. Tabibu aliyekaa miaka saba Kakonko, aliyehudumia wakimbizi wa Burundi kambini Mtendeli tangu ilipofunguliwa tena mwaka 2016 hadi ilipofungwa 2021, aliyeona malaria kali, kipindupindu na uchungu pingamizi kwa macho yake, akiomba MD anasomwa sawasawa na aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Wote wawili ni 2.9.

Basi mwenye 2.9 ana njia gani? Nianze na ile ambayo watu huidharau kwa sababu inaonekana kama kurudi utotoni: kidato cha sita. Mlango ule hauulizi GPA ya stashahada. Mwenye krediti tatu za kidato cha nne, yaani C au zaidi, anaweza kujisajili kama mtahiniwa binafsi, akafanya PCB mwezi wa Mei, na matokeo yake yakasimama yenyewe. Ugumu upo, na upo hasa kwenye mitihani ya vitendo. Huwezi kujifunza kupima ukali wa asidi kwa kusoma daftari chini ya mwembe. Unahitaji maabara, bureti, mwalimu wa kukuambia umepitiliza tone moja. Kwa tabibu aliye kijijini hiyo ina maana ya kuhamia mjini kwa miezi, au kuomba likizo bila malipo, au kuongea vizuri na mkuu wa shule ya sekondari iliyo karibu. Nimewasikia walioipita njia hii wakisema Biolojia iliwateremka kama uji, Kemia ikawatoa jasho, Fizikia ikawatoa machozi.

Njia ya Chuo Kikuu Huria, kozi ya msingi inayoitwa Foundation, inampokea mwenye stashahada ya GPA kuanzia 2.0, na akimaliza na 3.0 anahesabika kuwa na sifa linganifu za kuomba shahada. Ila shahada ni nyingi na MD ni moja. Kabla hajalipa ada, mtu afungue mwongozo wa TCU, aende kwenye mstari wa MD wa chuo kile hasa anachokitaka, asome kilichoandikwa pale, kisha apige simu ofisi ya udahili. Kuna waliolipa mwaka mzima kwa neno la wakala.

Mawakala ndio waliojaza pia njia ya nje. China, Urusi, Uganda, na kabla ya vita Ukraine. Mwaka 2022 Watanzania waliokuwa wakisomea udaktari Sumy, nchini Ukraine, walijikuta chini ya mabomu. Chuo cha nje kinaweza kukupokea na 2.9 yako bila hata kuuliza. Tatizo linakungoja ukirudi: TCU lazima itambue shahada yako, na kabla ya kusajiliwa utapimwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndiyo maana cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU huombwa kabla ya kupanda ndege.

Aliyemaliza shahada nyingine kwa GPA ndogo, tuseme maabara au sayansi ya jumla, daraja la chini kabisa lile la 2.0 hadi 2.6, mara nyingi ana nafuu asiyoijua. Kama alipita kidato cha sita na PCB nzuri, matokeo yale hayajafa. Anaweza kuomba MD kwa kidato chake cha sita kana kwamba shahada ile haipo. Kitakachomkaba ni fedha.

Na fedha ndiyo kufuli la tatu, ambalo kwa watu wa huku juu huwa zito kuliko GPA. Bodi ya Mikopo huangalia waliohitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Piga hesabu ya tabibu wetu. Amemaliza chuo, amesubiri ajira miaka miwili, amefanya kazi miaka mitatu hadi akathibitishwa, ndipo ameanza kufikiria kurisiti. Siku anapopata sifa ya kuingia MD, muda wa mkopo umepita. Aliyekimbilia kidato cha sita upya anapata afadhali, kwa kuwa saa inaanza kuhesabu tena. Mtumishi wa umma anaweza kupewa ruhusa ya masomo na mshahara ukaendelea, lakini inategemea halmashauri ina matabibu wangapi, na Kakonko, iliyogawanywa kutoka Kibondo mwaka 2012, haijawahi kuwa na watumishi wa afya wa kumwaga. Mganga mkuu akikuruhusu uende, zahanati inabaki na muuguzi peke yake. Najua wakubwa wanaokwama kusaini barua hiyo, na siwalaumu wote.

Lipo pia jambo la ushindani, nalipitia haraka. Hiyo 3.0 ni tiketi ya kuingia uwanjani. Nafasi za wenye stashahada kwenye vyuo vikubwa ni chache, na wanaochaguliwa wengi wako juu sana ya hapo. Mwenye 3.1 anayesubiri MUHAS kila mwaka, dirisha la kwanza hadi la mwisho, anajidanganya. Aangalie vyuo vingine. Na mwenye ndoto ya MD kwa ajili ya ajira naye atulie kidogo, maana leo tuna madaktari wenye shahada walioko mtaani wakisubiri kibali cha ajira, huku zahanati za Kigoma zikiendeshwa na matabibu. Nchi inahitaji madaktari na haiwaajiri.

MUHAS wanajenga kampasi mkoani Kigoma kwa fedha za HEET, mradi wa Serikali wa elimu ya juu. Mkoa wenye watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022 utakuwa na chuo cha afya cha hadhi hiyo bila mtoto wa Kasulu kupanda basi siku mbili. Ningekuwa na sauti kwenye vikao vyao ningeomba kitu kimoja tu: sehemu ndogo ya nafasi iwekwe kwa matabibu waliofanya kazi vijijini miaka mitano au zaidi, wapewe mtihani mgumu wa sayansi wa kuingilia, mgumu kweli, na atakayeufaulu asiulizwe alipata nini mwaka wa tatu wa chuo. Kiwango cha TCU si msahafu. Kimewahi kupandishwa na kimewahi kushushwa. Na kipimo cha miaka ya kazi tulikuwa nacho, kikatupa wapasuaji ambao watafiti walishindwa kuwatofautisha na madaktari.

Mpaka hapo, kila Novemba kwenye vituo vya mitihani vya Kakonko, Kibondo na Kasulu utamwona tabibu mwenye F ya Hisabati. Amekaa nyuma, kati ya watahiniwa ambao baadhi yao aliwaandikia dawa ya malaria mwaka uleule. Ana kikokotoo, rula, na kalamu mbili. Saa ya ukutani inasogea. Swali la kwanza ni la kukadiria nambari kwa nafasi mbili za desimali.